Kitanda cha Zanzibar kinapopandishwa vilima vya Kigali

KIGALI. Mafundi seremala wa Gakinjiro, pale Gisozi, wamezoea kuletewa picha. Mteja hafiki na vipimo wala jina la mbao. Anafika na simu, anaifungua, anasema anataka kama hicho. Kwa miaka mingi picha zilikuwa za namna moja: kitanda kipana chenye kichwa kirefu kilichovalishwa ngozi ya plastiki na kubanwa vifungo, kabati jeusi linalong'aa, meza ya kujipambia yenye kioo na droo nyingi. Siku hizi zimo na nyingine. Ukuta mweupe, kitanda cha nguzo nne, chandarua kilichofungwa kando kama pazia, mkeka sakafuni, mito iliyovikwa kanga, na taa ya shaba inayomwaga madoa ya mwanga ukutani. Mteja anakiita chumba cha Zanzibar, hata kama hajawahi kupanda boti ya kwenda huko.

Wanaoagiza ni wa aina tatu. Wapo maharusi waliorudi kutoka fungate Nungwi au Paje. Wapo wenye nyumba za wageni Kimihurura na Nyarutarama, wanaojua kwamba mgeni hulipia zaidi chumba chenye sura kuliko chumba chenye vigae tu. Na wapo, pengine ndio wateja wazuri kuliko wote, wazazi wa Kicukiro na Remera ambao watoto wameshaondoka nyumbani na chumba chao cha kulala bado kiko vilevile kilivyopambwa miaka 20 iliyopita: mapazia mazito ya satini rangi ya damu ya mzee, kamba za dhahabu, zulia lililochoka na kabati linalokula nusu ya mwanga wa dirisha.

Kwa mfanyabiashara anayevuka Rusumo, chumba hicho ni orodha ya manunuzi inayojiandika yenyewe. Kitanda, chandarua, mikeka, kanga, vikoi, taa, ubao wa nakshi. Kila kitu kinapatikana kati ya Darajani na Kariakoo. Lakini orodha hiyo ina mitego, na mtaji mdogo haupendi kujifunza kwa kuanguka.

Mgeni mwenye ndugu mjini

Sura ya pwani si ngeni Kigali kama wauzaji wa samani wanavyopenda kusema. Mwaka 1907 Richard Kandt alipoweka kituo cha Wajerumani katika kilima cha Nyarugenge, Waswahili walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuja kuishi karibu yake, wakiwa askari, makarani na wachuuzi. Wakoloni wakawatengea mtaa, na Nyamirambo pamoja na Biryogo bado zinabeba alama zao: misikiti, chai ya maziwa yenye tangawizi, sambusa, na Kiswahili kinachosemwa dukani bila mtu kujiuliza kama ni lugha ya kigeni. Bunge la Rwanda lilipokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, wazee wa Biryogo hawakuona kama wameletewa jambo jipya.

Kwa hiyo mkeka na kanga vilishafika Kigali zamani. Ambacho hakikufika ni kitanda.

Kitanda chenyewe

Kitanda ambacho wateja wanakionyesha kwenye simu kina jina lake: samadari. Ni kitanda kikubwa, kirefu kutoka sakafuni, chenye matendegu manne yaliyokerezwa na kupanda juu hadi kushika besera, yaani paa la kitambaa. Vile vya zamani vilivyomo katika nyumba za Mji Mkongwe, vingi vililetwa kutoka India kwa majahazi, vikanunuliwa na matajiri, kisha mafundi wa Unguja wakaviiga na kuvifanya vyao. Wateja wa Kigali wanapotaka cha asili kabisa, basi wanataka kitu ambacho nacho kilikuwa cha kuagizwa.

Samadari haikuwa pambo. Kimo chake kiliwezesha hewa kupita chini na vitu kuhifadhiwa humo. Matendegu yalishika chandarua, na chandarua kwa mtu wa pwani si urembo. Kuta zilipakwa chokaa kwa sababu chokaa ilitoka kwenye matumbawe yaleyale yaliyojenga nyumba. Hata umbo la chumba lilikuwa na sababu. Dari la nyumba za mawe lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki nafasi pana. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe na vya Lamu ni vyembamba, karibu mita 2.5 hadi 3, lakini virefu. Kitanda kilikaa mwisho wa chumba, zidaka zikachimbwa ukutani kuweka sahani na vitabu, na mwenye nyumba hakuhitaji kabati.

Chumba cha kawaida cha Kigali hakiko hivyo. Ni cha mraba au karibu na mraba, dirisha lake ni la vioo na chuma, dari lake liko chini. Samadari ya kimo kamili ikiingia humo inakuwa kama tembo ndani ya banda la mbuzi, nguzo zinagusa dari na taa ya katikati inabaki ndani ya besera. Mafundi wenye uzoefu hukata nguzo, na nguzo iliyokatwa baada ya kukerezwa hupoteza kichwa chake kilichochongwa, sehemu ileile iliyolipiwa. Mfanyabiashara anayechukua oda aanze na kimo cha dari, kabla hata ya kuuliza upana.

Futi zinapokutana na sentimita

Upana nao una balaa lake. Tanzania kitanda ni cha futi: tano kwa sita, sita kwa sita. Rwanda, kwa urithi wa Wabelgiji, godoro ni la sentimita, na lililozoeleka kwa watu wawili lina upana wa 160 na urefu wa 190 au 200. Futi tano ni sentimita 152. Futi sita ni 183. Godoro la 160 kwa 200 haliingii kwenye tano kwa sita, linazidi kwa sentimita 8 upande mmoja na 17 upande mwingine. Kwenye sita kwa sita, upana unabaki wazi sentimita 23 huku urefu ukigoma.

Hilo linaonekana jambo dogo mpaka kitanda kiwe kimeshushwa Kigali, kimelipiwa usafiri wa karibu kilomita 1,500, na mteja analo godoro lake jipya ambalo halina nia ya kulibadilisha. Wakati huo mwuzaji ana njia mbili tu. Anunue godoro la kuchongesha kiwandani, au apeleke kitanda Gakinjiro kikakatwe mifumbati na kubadilishwa vitakizo. Njia zote mbili hula faida, na ya pili hula na uso wa kitanda.

Dawa ni kuandika oda kwa sentimita tangu siku ya kwanza, na vipimo viwe vya ndani, pale godoro linapolala, si vya nje ya mbao. Fundi wa Unguja atachukua kipimo chochote atakachopewa. Ana tepu yenye pande zote mbili. Tatizo ni vitanda vilivyokwisha tengenezwa na kusimama dukani vikimsubiri mtalii.

Mbao huhama na hali ya hewa yake

Zanzibar ina unyevu mwaka mzima. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti hewa inakauka kabisa. Mbao ni kama sifongo, huvuta na kutoa unyevu kufuatana na mahali ilipo. Kitanda kilichoungwa Unguja mwezi Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, kikishushwa Kigali mwezi Julai kitasinyaa. Ubao mpana wa kichwani ndio unaopasuka kwanza, hasa kama umegundishwa na kupigwa vanishi upande mmoja tu.

Mafundi wa zamani walilijua hilo bila kupimiwa unyevu na mtu. Kitanda cha jadi hakikupigwa gundi. Mifumbati na vitakizo viliingia kwenye matundu ya matendegu na kukazwa, na kitanda kizima kikaweza kufunguliwa na kubebwa vipande vipande. Muundo huo ni baraka kwa anayesafirisha: samadari iliyofunguliwa hulala bapa kwenye lori pamoja na mizigo mingine, haihitaji gari lake. Ikifika iachwe kivulini ndani ya nyumba wiki mbili tatu kabla ya kuungwa na kupakwa mafuta. Mwuzaji anayekabidhi siku ileile ya kushusha anauza ufa wa mwezi ujao.

Aina ya mbao nayo iulizwe. Misitu ya Unguja na Pemba haitoshi kulisha karakana za huko, hivyo mbao ngumu nyingi huvuka kutoka bara. Mtiki wa mashamba ya serikali, kama Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, hutulia vizuri na hauogopi mchwa. Mninga ni mzuri na mzito. Mwembe na mfenesi hupatikana visiwani, na mfenesi una rangi ya manjano inayozeeka vizuri. Kinachouzwa kwa jina la mtiki bila ushahidi kinaweza kuwa chochote kilichopakwa rangi ya kahawia. Kikwaruze chini ya mfumbati, mahali pasipoonekana.

Hoja ya kuacha kitanda na kuchukua nakshi

Ukihesabu hayo yote, kimo, vipimo, unyevu na nafasi kwenye lori, unaanza kuona kwamba biashara yenye akili si kuleta kitanda. Ni kuleta kile ambacho Gakinjiro haina. Fundi wa Gisozi anajua kuunga fremu. Mbao anazo: msindano na mikaratusi ya nyumbani, na libuyu inayotoka Kongo, ambayo Wanyarwanda wanaiamini kwa milango na vitanda. Anajua sentimita za magodoro ya kwao, na mteja akilalamika anapatikana kesho yake. Asichokuwa nacho ni mkono wa nakshi, yale maua, mawimbi na minyororo ambayo wachongaji wa Zanzibar wamerithishana kwenye milango ya Mji Mkongwe, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000.

Ubao mmoja wa kichwani uliochongwa, na matendegu manne yaliyokerezwa kwa kimo kilichokubaliwa, huweza kusafiri ukiwa umefungwa kama mlango. Fremu, chaga na droo vikaundwa Kigali. Mteja anapata sura anayoitaka kwenye kipimo chake, fundi wa Rwanda anapata kazi, mchongaji wa Unguja anapata soko ambalo halitegemei msimu wa watalii. Sera ya Made in Rwanda, ambayo imekuwa ikisukuma viwanda vya ndani tangu kampeni yake ilipoanza mwaka 2015, haina ugomvi na mpango wa namna hiyo.

Ugomvi uko kwingine. Mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta zimeshaingia katika karakana za Afrika Mashariki, na picha ya mlango wa Zanzibar inaweza kugeuzwa ubao kwa saa chache. Nakshi ya mashine inatambulika: kina chake ni kilekile kila mahali, pembe zake za ndani ni za mviringo kwa sababu ncha ya mashine inazunguka, na ua la kushoto ni pacha kabisa wa ua la kulia. Mteja wa kawaida haoni tofauti na huenda hajali. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kumsimulia mgeni habari za chumba chake ataijali, na ndiye mwenye pesa. Mwuzaji aseme ukweli kuhusu ipi ni ya mkono na ipi ya mashine, aziuze zote mbili kwa bei zake.

Rusumo inauliza kimezaliwa wapi

Tangu Aprili 2016, Rais Paul Kagame na hayati Rais John Magufuli walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani na daraja jipya juu ya Mto Kagera, mzigo hukaguliwa mahali pamoja badala ya mara mbili. Magufuli alikuwa katika safari yake ya kwanza nje ya nchi tangu achaguliwe. Muda umepungua. Swali halijabadilika: bidhaa hii asili yake ni wapi?

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba kununua Tanzania ni sawa na kutoka Tanzania. Sheria ya asili ya bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitazami duka, inatazama mahali kitu kilipotengenezwa na malighafi yake. Mkeka uliosukwa Pemba kwa ukindu hauna mjadala. Ubao uliochongwa Unguja kwa mtiki wa Muheza hauna mjadala. Lakini taa ya shaba iliyonunuliwa Mji Mkongwe inaweza kuwa imetoka India. Chandarua cha mapambo kinaweza kuwa cha China. Kanga nyingi zinazouzwa pwani huchapishwa India, na doti iliyochapishwa huko haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kupita Kariakoo. Iliyochapishwa kwenye kiwanda cha Dar es Salaam au cha Kenya ni habari nyingine, na hapo risiti ya kiwanda ndiyo shahidi. Bidhaa isiyo na ushahidi wa asili inaweza kudaiwa ushuru upya inapoingia Rwanda, hata kama aliyeiingiza Tanzania alishalipa wa kwake.

Kwa mizigo midogo yenye asili ya nchi wanachama, isiyozidi thamani ya dola 2,000, kuna cheti rahisi cha asili ambacho hutolewa mpakani na maofisa wa forodha, mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Rwanda ni asilimia 18, wala hakiondoi vibali vya ubora na afya. Wanaopanga mzigo wakumbuke kuweka asilimia hizo 18 katika hesabu kabla ya kumtajia mteja bei. Na ujanja wa kugawa shehena moja katika majina matano ili kila moja ibaki chini ya dola 2,000 ni wa zamani kuliko kituo chenyewe. Maofisa wanaujua kwa sura.

Kuna sababu ya pili ya kushikilia karatasi za asili. Julai 2022 jumuiya ilianza kutumia daraja la nne la ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje, asilimia 35, na samani ziliwekwa humo. Nchi wanachama huomba misamaha yao kila mwaka, hivyo ni busara kusoma gazeti rasmi la jumuiya kila bajeti inapopita, lakini mwelekeo uko wazi. Kitanda cha kutoka Guangzhou kinabeba mzigo ambao nakshi ya Unguja haibebi, ilimradi mwenye nakshi anaweza kuthibitisha.

Makuti, kwa wale wanaofikiria kuezeka kibaraza au kuvalisha ukuta, ni mmea. Yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Tanzania, na upande wa Rwanda yanaangukia mikononi mwa RICA, mamlaka ya ukaguzi. Kwa chumba cha kulala hayafai hata hivyo. Mvua za Kigali na baridi yake huyaozesha, na wadudu wanaohamia humo hawalipi kodi ya pango.

Ufungaji pia uangaliwe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza plastiki za kutumika mara moja. Tanzania nayo ilifuata na mifuko Juni 2019. Ubao wa nakshi uliozungushiwa karatasi za nailoni unaweza kuvuliwa mpakani na kumalizia safari ukiwa uchi, ukisuguana na vyuma vya lori. Magunia, mablanketi makuukuu na maboksi yaliyofunguliwa hufanya kazi vizuri zaidi.

Nguo ndizo zenye mzunguko

Kitanda huuzwa mara moja katika miaka 15. Nguo zake hubadilishwa, na kwa mtaji mdogo hizo ndizo zenye mzunguko. Kanga moja ina takriban sentimita 110 kwa 150. Doti mbili, yaani vipande vinne vilivyoshonwa pamoja kwa upande mrefu na mfupi, hutoa shuka la juu la takriban 300 kwa 220, linalofunika kitanda cha 160 kwa 200 na kuning'inia pande zote mbili. Pindo zinapokutana katikati hutokea msalaba wa urembo ambao hakuna kiwanda cha mashuka kinachoutoa. Kikoi, kwa kuwa kimefumwa kizito zaidi, kinakaa vizuri dirishani.

Kanga ina jina, na jina hilo lisomwe kabla ya kununuliwa kwa wingi. Ile iliyoandikwa kijembe cha kumsuta jirani au mke mwenza haifai kutandikwa kwenye kitanda cha maharusi. Mtalii wa Ulaya hataelewa. Mama mkwe wa Nyamirambo ataelewa kabla hajavua viatu.

Weupe una gharama yake Kigali. Vumbi la kiangazi ni jekundu, na chandarua cheupe kilichoning'inizwa Juni huwa na rangi ya chai ifikapo Agosti. Wauzaji wachache hutaja hilo. Wangeuza zaidi kama wangelitaja, kwa sababu anayejua atanunua viwili. Tena chandarua cha mapambo kisiuzwe kama mbadala wa chenye dawa. Malaria ipo Kigali, na vyandarua vyenye dawa ambavyo wizara ya afya hugawa vinaweza kufungwa kwenye nguzo za samadari kama kawaida, kile cha urembo kikabaki nje. Mteja wa pwani haambiwi hivyo kwa sababu kule chandarua ni kimoja na kazi yake inajulikana.

Usiku wa Kigali nao unashuka hadi nyuzi 15 au 16. Picha ya Zanzibar ina shuka moja jepesi. Chumba cha Kigali kinahitaji blanketi, na mwuzaji anayeliongeza kwenye orodha yake, la rangi tulivu inayokubaliana na kanga, hajaharibu mtindo. Amemwokoa mteja na kikohozi.

Kalenda

Harusi nyingi Rwanda hufungwa kiangazi, Juni hadi Agosti, na tena Desemba. Kabla ya hapo familia ya bibi harusi hukusanya ibirongoranwa, vyombo na samani zinazokwenda nyumba mpya. Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, inayoanza Aprili 7, sherehe husimama. Zanzibar kwa upande wake hupungukiwa wageni Aprili na Mei kwa ajili ya masika, na karakana zinakuwa na nafasi. Kalenda mbili hizo zimeshikana kama mfumbati na tendegu: agiza Machi, mchongaji afanye kazi Aprili, mzigo uvuke Mei, mbao zipumzike kivulini, zikabidhiwe Juni. Anayeagiza Juni anakutana na watalii mlangoni kwa fundi yuleyule. Mwisho wa Julai maonyesho ya biashara ya kimataifa hufunguliwa Gikondo, na waliotoka Saba Saba Dar es Salaam mwezi huohuo huweza kuunganisha safari moja.

Lori haliwi tupu

Biashara hii ina upande ambao haujaguswa vya kutosha. Malori yanayopandisha mizigo Kigali mengi hurudi Dar es Salaam yakiwa matupu au nusu, na bei ya kushusha mzigo hujadiliwa. Barabara hiyohiyo, kabla ya kufika Rusumo, inapita Nyakarambi wilayani Kirehe, nyumbani kwa imigongo, zile paneli za maumbo makali ya pembe zinazofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi ya Gisaka humtaja Kakira, mwana wa mfalme, kuwa ndiye aliyeanza kupamba kuta za nyumba kwa namna hiyo, na baada ya 1994 wanawake wa eneo hilo walijikusanya katika ushirika wakaifufua kazi hiyo. Vikapu vya agaseke vimekwenda mbali zaidi, vilianza kuuzwa kwenye maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005.

Hoteli za Unguja nazo zimechoka na mapambo yale yale. Paneli tatu za imigongo juu ya kitanda, kwenye ukuta mweupe wa chokaa, zinakaa kana kwamba ziliumbiwa pale: nyeusi na nyeupe dhidi ya mbao ya kahawia. Sokoni bei ya paneli hutegemea ukubwa na uzito wa ubao wa nyuma, kwa hiyo anayenunua kwa wingi achague za ukubwa wa sentimita 30 hadi 50, ambazo zinaingia kwenye boksi moja zikiwa zimetenganishwa kwa magazeti makuukuu. Kingo ndizo zinazomeguka. Oda ya kwanza iwe ndogo, ya hoteli moja iliyokwisha kubali kwa maandishi, na cheti cha asili kichukuliwe Rusumo siku hiyohiyo, upande huu wa daraja, kabla dereva hajaanza kuulizia foleni.